Meno ya Shangazi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Songo, Uvira, tuko, na mihogo ya mama yako imekauka vizuri. Unaniuliza kwa nini mtoto wako apewe matone ya chanjo ya kuhara wakati maji yote unachemsha.

Mimi pia nilichemsha. Vita vilipotukimbiza hadi Lemera, shangazi yako Riziki alikuwa anaanza kuota meno. Akatapika, akaharisha. Wamama wote tukasema, "Ni meno, yatapita." Hatukushtuka, kwa sababu watoto wetu wote waliota meno wakiharisha. Muuguzi wa pale Lemera akasema ni kirusi, kijidudu cha ugonjwa, na kuchemsha maji peke yake hakukizuii. Nikamuuliza, "Sasa na meno je?" Akageukia mtoto mwingine.

Riziki hakurudi nasi Uvira.

Sasa mtoto wa kaka yako, aliyepewa matone yale, ameota meno mawili. Niliweka tayari sukari na chumvi za kumtengenezea maji ya kunywa, nikangoja aharishe. Wapi! Nikamfungua mdomo tena kuhakikisha: meno yapo, meupe, na yeye anacheka.

Neema, kama haya ndiyo meno, kile tulichokiita meno kilikuwa nini?

Mpeleke apewe matone.

Koko wako