Maji ya Duara la Zamani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeongeza maji kwenye rejeta tena. Lori halivuji. Nimelala chini yake vumbini, nimepapasa kila hozi. Pakavu. Yanakwenda wapi? Nimechota mengine kwenye duara, shimo la dhahabu lililoachwa na wachimbaji, nikajaza na pipa la nyumbani. Maangavu, hayana hata chura. Mke wangu, Mama Sayi, ana mimba ya miezi saba. Sitaki abebe ndoo.

Jumatano, 6 Agosti
Alfajiri hozi ya juu ngumu. Injini imelala baridi usiku kucha, hozi imejaa pumzi. Nimefungua kifuniko cha rejeta, ikashusha pumzi ndefu kama mtu. Nywele zimenisimama. Nimepakia mawe ya dhahabu ya kupeleka karasha kusagwa hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Ekzosi inatoa moshi mweupe, mzito kama sanda. Wachimbaji wananitania eti nimebeba marehemu. Wapuuzi. Mama Sayi anasema mtoto amepoa, hachezi kama mwanzo. Naogopa na sina wa kumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti
Lori limezima kabla ya kufika Kagongwa. Nimechomoa dipstiki. Oili imekuwa uji wa maziwa; maji yameingia.

Jumapili, 10 Agosti
Fundi Masanja amefungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nilijua nitasemwa: gari zee, thamostati iling'olewa zamani, nazidisha mzigo, likichemka namwagia maji baridi. Kasema yote hayo. Kisha akageuza hedi. Njia za maji zimeliwa, gasketi imelika ukingoni kama shuka lililogugunwa na panya. Joto peke yake halili chuma hivi, kasema. Akauliza maji nachota wapi. Nikamwambia. Akafuta mikono polepole.
"Na nyumbani mnakunywa yapi?"


Jumanne, 12 Agosti
Nimemwaga pipa lote. Kliniki Kahama moyo wa mtoto unasikika, ila nesi kasikiliza mara mbili na hakutabasamu. Turudi wiki ijayo. Nimewaeleza wanawake wa machimboni kwamba maji ya duara yanakula chuma. Wameitikia vizuri, wakaendelea kuchota. Nina hasira nao, na zaidi nina hasira na mimi.

Ijumaa, 15 Agosti
Tumepanga chumba Kahama, uani kuna bomba. Lori bado liko kwa fundi. Nimemkingia Mama Sayi kikombe cha kwanza. Amekunywa kidogo, akakichungulia ndani.
Hayana ladha, amesema. Kisha akaniomba, kwa upole kabisa, nikamchotee yale ya duarani.