Mistari ya Askari wa Elias

Durban, 9 Julai

Wifi Rehema,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Huku ni baridi ya kuvaa sweta, ingawa jua lipo.

Nimekuja na kile kijitabu cha askari Mjerumani wa Vita Kuu ya Pili, ambacho kaka yako, marehemu Elias, alikikuta ndani ya sanduku la mtumba. Unakumbuka alivyotuonyesha ule ukurasa wenye mistari mingi, akisema kila mstari ni pigano moja? Leo Josiane, Mrundi niliyemjua kanisani, amenipeleka mtaa wa Morningside kwa bibi Mjerumani aliyemwajiri. Bibi akatukatia keki ya tufaha, akavaa miwani, akasoma, akaanza kucheka.

"Eish, mama, hapa vita hakuna," Josiane akanitafsiria. "Iko soksi pea tano, chupi tatu na taulo."

Kumbe ni orodha ya nguo alizopewa jeshini. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia.

Halafu nikauliza lile ambalo Elias aliniuliza hata akiwa hospitalini: yule kijana alirudi kwao? Bibi akafunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye muhuri, akasema polepole.

"Alifika, mama," Josiane akasema. "Vita ilipoisha, ofisi ya kijiji chao ilimgongea muhuri huu, ikampa kadi ya chakula."

Jumapili ukipita kaburini, mwambie kaka yako kwamba askari wake alifika nyumbani. Nami unikumbuke katika sala zako.

Wifi yako,
Anna