Niliwatafutia mabehewa, sasa wanampa mtoto jina langu

Mpendwa mshauri,

Jana asubuhi, kwenye stesheni ya Kolwezi, Tata Badibanga, jirani yangu anayesubiri treni pale na mke wake, aliniambia kwamba mtoto wao aliyezaliwa pale pale chini ya turubai ataitwa Mbuyu, jina langu, na kwamba padri atambatiza Jumapili na mimi ndiye nitakayemshika, kwa kuwa nitakuwa ndoyi wake, mtu wa jina lake, na hilo kwetu ni undugu kabisa. Niliitikia, nikarudi nyumbani.

Mimi ni mjumbe wa cité ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Miaka yote kazi yangu imekuwa kudai: bomba lilipokauka nilikaa mlangoni pa ofisi ya kampuni mpaka wakachoka kuniona, umeme ulipokatwa kwenye nyumba ya uzazi nilikwenda, mishahara ilipoanza kukosekana nilikwenda, na sikuwahi kuuliza nani ametoka Kasai na nani ni wa Katanga, maana bomba lilikuwa moja. Vijana walipoanza kupiga mawe nyumba za watu wa Kasai, Badibanga, fundi wa kuchomelea, alikuja kwangu, nikamwahidi kwamba kwenye kikao cha cité nitasimama niseme hawa ni watu wa hapa na hawaendi popote.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, Kitenge, mkubwa wa vijana, akasema nyumba zile ziwe wazi kabla ya mwisho wa mwezi, nami nikasimama, na maneno yaliyonitoka yalikuwa mengine: wataenda na nini? Kitenge akacheka, akasema, "Muone mujumbe wetu, batu banafukuzwa, yeye anauliza tiketi," na ukumbi mzima ukacheka, nami nikitaka tu kicheko kiishe nikasema basi waombewe mabehewa, na maji ya kunywa pale stesheni. Walinipigia makofi, mshauri, na swali la kama waende au wabaki halikuguswa tena.

Kisha nikafanya ninachokijua, nikafuatilia mabehewa mpaka yakapatikana, nikapeleka mapipa ya maji, na familia zilizokuwa zimejifungia nyumbani ziliposikia kuna treni zikafunga mizigo, na Badibanga naye akafunga. Sasa ananiambia, "Tata Mbuyu, mi nilizaliwaka Kapata, kule tunaenda sijafikaka hata siku moya. Mutoto akiuliza Kolwezi ilikuwa nini, nitamuita jina yake."

Mke wangu Abigaëlle aliposikia alisema, "Huyu njo mutu wa kwanza kukuchagua bila kampanye." Halafu akasema ninyamaze, nimshike mtoto, nisimwumize mama aliyejifungulia kwenye saruji. Na jioni ile ile Kitenge akapita kwetu: "Mujumbe, weye njo unajua kazi. Tutafutie mabehewa ingine, ya batu ba mustari wa chini." Huo ni mstari wa nyumba za watu wa Kasai ambao bado hawajaondoka, na kikao cha kuwajadili ni Jumamosi.

Je, niende Jumapili nikiwa kimya, au nikatae jina? Naona aibu hata kukuandikia.

Mjumbe, Kapata


Mama Laurentine anajibu:

Mjumbe, jibu hili linakufikia kwa mkono leo Alhamisi, kwa sababu gazeti linatoka Jumatatu na Jumatatu utakuwa umechelewa. Gazetini majina yote nitayabadilisha.

Nimefika stesheni mwenyewe. Mapipa nimeyaona, na watoto walikuwa wanakunywa. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini usijifiche nyuma ya mapipa. Uliulizwa kama majirani zako wafukuzwe, ukajibu habari za usafiri. Vijana wa mawe walikuwa hawajaweza kumtoa Badibanga nyumbani kwake. Treni yako iliweza. Aibu unayoiona ni ya haki, na sitakusaidia kuipunguza.

Unaniuliza habari za Jumapili kwa sababu Jumapili utatazamwa na watu. Anza kesho. Nenda stesheni asubuhi, umwambie Badibanga, na mke wake awepo, maana yeye ndiye atakayeliita jina hilo kila siku. Waeleze ulichoahidi, ulichosema na makofi uliyopigiwa. Usilie. Usiwaombe msamaha, wana mizigo ya kutosha. Wakimpa mtoto jina lingine, itikia na uendelee kupeleka maji. Wakiliacha jina lako, Jumapili nenda umshike. Uamuzi huo ni wao.

Mkeo amesema kweli, wataumia. Ila ukumbi ulikuwa umejaa, Mjumbe. Mtu mmoja atawasimulia njiani, ndani ya behewa, na wewe hutakuwepo.

Kuhusu Kitenge, usikanyage tena ofisi ya reli kwa ajili yake. Watu wa mstari wa chini bado wako nyumbani kwao, na Jumamosi wanahitaji mtu aseme ile sentensi uliyoimeza. Sikuambii kwamba utashinda. Wanaweza kukuvunjia madirisha, kwa hiyo Abigaëlle na watoto walale kwa ndugu zake kule mtaa wa Musonoi usiku huo. Usiingie peke yako: leo tafuta wajumbe wawili waliokwepa swali kama wewe, mkubaliane mkae pamoja. Wakicheka, waache wacheke mpaka wamalize, wewe ukiwa bado umesimama.

Nimeulizia saa ya kikao: ni saa nane mchana, Jumamosi, kwenye ukumbi wa cité. Fika mapema, na uombe kusema kabla ya Kitenge.