Siku ya Maji, Watu Hushuka Baiskeli

Jumapili, jioni. Joto. Wiki nzima vuli imetuonyesha mawingu tu, na leo hata mawingu hayakuja. Nimerudi nyumbani Usagara, hapa mjini, kutoka kwa mama mdogo nikiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama aliponiona alisema nioge kwanza, habari nitampa baadaye. Nimeoga. Habari bado sijampa.

Wanaosoma blogu hii (kwa kawaida ni dada yangu na rafiki yangu mmoja wa darasani) wanakumbuka niliandika juu ya njia ya baiskeli ninayoipenda kuliko zote. Inatoka mjini, inapita barabara nyekundu za mashamba ya mkonge, inapanda na kushuka vilima ukishapita Muheza, halafu inafika kijijini kwa mama mdogo, kwenye mfereji. Mfereji huo unachukua maji mtoni na kuyapeleka kwenye majaruba ya mpunga. Juu ya ukingo wake kuna kinjia. Niliandika kwamba ni laini kama mkeka, na kwamba ukipita hapo maji yakienda kando yako, unajiona kama mnasafiri pamoja.

Nilijivunia sana sentensi ile.

Watu wengi waliisoma. Sijui nani aliisambaza. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu naanza kwa kukohoa, nilikuwa natembea shuleni nikitabasamu peke yangu.

Lakini kulikuwa na sentensi nyingine. Mdogo wangu Neema, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha pili, na hupita juu ya ukingo ule kwa baiskeli kila siku akienda shule. Aliponionyesha njia kwa mara ya kwanza alinifundisha: siku ya maji, watu hushuka. Yaani siku maji yakifunguliwa, udongo wa ukingo unalowa na kulegea, kwa hiyo unashuka na kusukuma baiskeli huko chini, upande wa mashamba. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Kila mtoto wa pale anajua tu. Niliiandika. Kisha nikaisoma aya yangu kwa sauti, nikaona sentensi hiyo inakata mwendo, inasikika kama tangazo la mstarini. Nikaifuta.

Nilitaka aya iwe nzuri.

Jumamosi ya wiki iliyopita vijana wa mjini walikwenda na baiskeli za gia, kundi zima, wakafuata maelezo yangu hatua kwa hatua. Ilikuwa siku ya maji. Ukingo uliporomoka chini ya tairi zao, maji yakamwagikia porini. Wao walipiga picha wakaendelea na safari. Sidhani walielewa walichokifanya. Wenye majaruba ya mwisho wa mfereji walisubiri zamu yao ya maji mpaka jua likazama. Mama mdogo ni mmoja wao. Miche yake ya mpunga sasa ina rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Jana kijiji kiliitisha msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu, mnafanya kazi pamoja mpaka iishe, na asiyefika ataulizwa. Nilikwenda kwa niaba ya nyumba ya mama mdogo. Nilitoa shikamoo mpaka koo likakauka, nikabeba udongo kwa karai. Tulijaza viroba, tukavipanga pale palipobomoka, tukashindilia.

Wakati wa uji, kijana mmoja wa bodaboda alitoa simu akaanza kuwasomea watu maandishi yangu. Hapa situmii jina langu halisi, kwa hiyo hakujua aliyeyaandika ameketi mbele yake na kikombe.

"Eti laini kama mkeka!"

"Mkeka?" mama mmoja akadakia. "Basi aje aulalie, tumfunike na hivi viroba."

"Na wale wenzake, suruali zimewabana kama soksi! Mimi nilidhani wamepakwa rangi."

Watu walicheka mpaka uji ukamwagika. Nami nilicheka. Kicheko changu kilitoka kama cha mbuzi. Neema peke yake hakucheka. Analijua jina ninalotumia hapa, kwa sababu yeye ndiye aliyelichagua.

Kazi ilipokwisha, mwenyekiti wa mfereji, Mzee Hoza, alisimama na jembe lake. Alisema walichokubaliana wazee: hakuna baiskeli juu ya ukingo, iwe siku ya maji au isiwe, mpaka mpunga uvunwe. Miiba itatandazwa kila penye mwanya wa kuingilia. Akauliza nani ana neno.

Nilikuwa nalo. Mkono wangu ulibaki katikati ya magoti.

Aliyesimama ni Neema. "Shikamooni. Sisi wa shule siku ya maji tunashuka. Hatujabomoa hata siku moja."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni kweli kabisa," Mzee Hoza alimjibu kwa upole. "Lakini miiba haichagui tairi."

Kwa hiyo Neema amebakiwa na barabara kuu. Ni nyembamba, na malori ya mbao hushuka nayo kutoka milimani yakiwa yamejaa. Mama mdogo alimwambia atembee. Neema akasema kwa miguu atakuwa anafika vipindi vimeshaanza, na inajulikana wanaochelewa wanavyopokelewa. Mama mdogo alichukua ungo akaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Leo baada ya ibada nilimfuata Neema kwa nyuma, tuijaribu barabara hiyo. Lori la kwanza lilipopiga honi aliacha lami akaingia kwenye majani marefu, akasimama huko, mguu mmoja chini. Nilipomfikia nilitaka kusema pole.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "wewe kuandika unajua. Jana neno moja tu lilikushinda?"

Akapanda tena baiskeli yake, akaendelea mbele.

Nimeiondoa makala ile jioni hii. Chini yake nilikuta maoni mapya kutoka kwa mmoja wa wale vijana: "Njia kali sana, tunarudi wikiendi ijayo, safari hii tuko wengi." Nimemjibu kwamba njia imefungwa, na sababu nimemweleza. Sijui kama atasoma.

Kisha nikampigia simu Mzee Hoza. Namba nilikuwa nimeiomba kwa mama mdogo kabla sijaondoka, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba kuwa na namba si lazima kupiga. Nilipiga. Nilimweleza kwamba yule mtu wa mkeka ni mimi, nikamweleza na nilichokifuta, nikamwomba watoto wa shule wasibebeshwe kosa langu.

"Umefanya vizuri kunipigia," alisema. "Lakini miiba hiyo imetandazwa na watu wote, siwezi kuiondoa peke yangu. Njoo Jumamosi, uyaseme haya haya mbele yao."

Nimemwambia nitakuja. Nimejaribu mbele ya kioo, mlango umefungwa, na hata hapo, bila mtu wa kunitazama, sauti imenikwama baada ya shikamooni. Je, wakicheka tena kama jana? Wana haki. Nitasimama hapo hapo wakicheka, nisubiri wanyamaze, niendelee. Hilo nimeliamua, na nadhani nitaliweza.

Lakini Jumamosi siyo inayoninyima usingizi. Kabla ya Jumamosi kuna Jumatatu, na Neema hutoka nyumbani alfajiri, malori yakiwa bado yamewasha taa.