Mume wa Ijumaa na Kisiwa cha Kwenda

Bi Latifa mpendwa,

Mshauri wetu sisi tulio mbali na shangazi zetu, naomba unisaidie na usinicheke, maana najua watu wanakuandikia habari za waume walevi na mabosi wakali, na mimi nakuandikia habari ya kisiwa, lakini nimefika mahali sili vizuri na mtoto ninayemlea ameanza kuniuliza kwa nini naongea peke yangu jikoni.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kisii, nalea watoto katika nyumba moja hapa Muaither, Qatar, na mume wangu, nimwite Maurice ingawa si jina lake, ni mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, yule anayekaa kwenye kiti kirefu na filimbi shingoni. Yeye analala Al Mansoura kwenye nyumba ya kampuni, wanaume sita chumba kimoja, mimi nalala kwa mwajiri, kwa hiyo ndoa yetu ni ya Ijumaa. Tunakutana kanisani Abu Hamour, baada ya ibada tunakula, tunanunua chai ya karak, tunatembea, na jioni ananirudisha mpaka kona ya mtaa tunaagana kwa mkono kama watu wa ofisi moja. Tulioana nyumbani wakati wa likizo, na kila likizo tangu hapo tumekwenda nyumbani, na wewe unajua likizo ya mtu wa Gulf ilivyo, masanduku yamejaa, kila mtu anangoja alichoagiza, mimi naingia jikoni kwa mama mkwe siku ya kufika natoka siku ya kuondoka, Maurice yuko nje na wanaume, na chumba chetu wamelazwa shangazi wawili na watoto wao. Halafu mama mkwe ananiuliza mbona hajaona mjukuu.

Sasa mwaka huu Maurice akaniambia, "Hii likizo tusiende home. Twende mahali tuko sisi wawili tu, tuogelee, tuone samaki." Nilifurahi mpaka nikamwagia chai kwenye sketi. Akasema twende visiwa vya Karibi, kwa sababu kuna mzee mmoja wa Barbados aliwahi kukaa pale hotelini kwao, na kila asubuhi alimwambia Maurice kwamba kule mwenye nyumba ya wageni, mpishi, nahodha wa boti na anayeota jua wote wanafanana na sisi. Bi Latifa, labda utaona ni mbali bila sababu, lakini kuna Ijumaa moja tulipata nafasi ya kwenda ufuo wa hoteli moja hapa Doha kama wageni, na kabla hata hatujaweka mikoba chini mama mmoja akampa Maurice taulo lake lililolowa akamwambia amletee kavu. Na Maurice akaenda kulileta. Nilimwona akilikunja vizuri kabla ya kumpa. Mimi nami nimefika Maldives na familia yangu ya kazi, nimesimama mchangani na viatu vya watoto mkononi, madam akizamisha uso na ile miwani na mrija wake, akitoka anasema "helu, wallah helu," yaani pazuri kweli, na mimi maji hayakunipita kifundo cha mguu. Kwa hiyo tuliona bora twende pwani ambayo hakuna atakayetupa taulo.

Shida ni kuchagua. Tangu Krismasi kila Ijumaa tunakaa na simu yake katikati ya meza tukitazama visiwa, na kila tukikaribia kukubaliana Maurice anapata kasoro. Barbados nilikuwa nimeshaipenda, kuna ghuba unaogelea na kasa, akasema, "Hapana, upande ule mwingine mawimbi ni mabaya," ingawa hatukuwa tunaenda upande ule mwingine. Grenada wana bustani ya sanamu chini ya maji, akasema juzi juzi kimbunga kimepita huko. Bonaire matumbawe yako karibu kabisa na ufuo, unaingia kwa miguu, hapo kweli mimi ndiye niliyekataa kwa sababu ufuo mwingi ni mawe na viza yake ina mambo. Tobago akasema mkondo, "Hiyo place iko na current, babe, lazima mtu ajue anaingilia wapi," kisha wiki iliyofuata akabadilika akasema Tobago ni sawa, amesoma vizuri, kuna mahali pa kuingilia pazuri. Akanionyesha nyumba ya kupanga, ndogo, chumba kimoja, kitanda kimoja, kibaraza, hakuna jirani, miti tu halafu bahari. Nikamwambia hapana, jiko ni dogo. Akaifunga simu. Tangu siku ile anasema, "Wewe amua basi," na nikisikia hivyo nahisi hataki tena kwenda na mimi.

Na hapo katikati kuna kitu kilitokea ambacho sijamwambia mtu. Mimi sijui kuogelea, naogopa hata maji ya kuoga yakinipata usoni, na Maurice alikuwa ameahidi kunifundisha. Ijumaa moja alikuja na miwani ya kuzamia na mrija, alizunguka maduka mpaka akapata ya uso mdogo, na tukiwa tumekaa Corniche, kando ya bahari, watu wakipita na watoto wao, akanivalisha pale pale kwenye benchi, nchi kavu, akaniambia nipumue kwa mdomo. Watu walicheka na mimi nilitaka kujificha. Akaweka mkono nyuma ya shingo yangu akasema, "Pumua pole pole. Niko hapa." Na mimi, sijui kwa nini, nikaanza kulia ndani ya ile miwani. Alipoona kioo kimelowa akasema, "Aah, hii inashika mvuke, ni fake," akanivua, na kesho yake akairudisha dukani akagombana na muuzaji mpaka akabadilishiwa. Sikumwambia kitu.

Ukweli wenyewe ndio huu, nauandika upesi kabla sijaufuta. Mimi namjua Maurice wa Ijumaa, amenyoa, amepiga pasi, anachekesha. Maurice wa Jumanne simjui. Sijui akiamka anasema nini, sijui anakunywa chai kabla ya kuoga au baada, sijui akikasirika saa nne asubuhi anafanyaje kama hakuna kazi ya kukimbilia. Yeye naye hanijui. Itakuwaje tukifika huko mwisho wa dunia tukaona hatuna la kuzungumza, na hakuna shangazi wa kujificha nyuma yake? Madam amekubali niende baada ya Idi, Maurice lazima apeleke fomu ya likizo mwisho wa mwezi huu, na mimi karibu nimwambie basi, tuachane na visiwa, tupakie masanduku twende nyumbani kama kawaida. Nishauri, mama. Twende kisiwa gani, au tusiende?

Mke wa Ijumaa,
Muaither


BI LATIFA ANAJIBU

Mke wa Ijumaa, mwanangu,

Nilicheka kidogo pale kwenye muuzaji wa miwani, nisamehe. Kwingine kote sikucheka. Umeniuliza kisiwa na kisiwa nitakupa, mimi ni mtu wa Unguja, siwezi kuona watu wanahangaika na bahari nikanyamaza. Ila kwanza nikurudishie maneno yako, kwa sababu umeniandikia jibu mwenyewe hukuliona.

Unasema mumeo anatafuta kasoro ili asiende nawe. Nimesoma barua za wanaume wanaokwepa safari kwa miaka mingi katika ukurasa huu. Hao husema bosi kakataa, husema mama anaumwa, husema pesa, husema tuone mwakani. Maurice wako hajasema hata moja. Amesema mawimbi, kimbunga na mkondo. Huyu ni mtu anayekaa juu ya kiti kutwa akitazama nani atazama, ndiyo kazi yake, na sasa umempa bahari nzima na mke asiyejua kuogelea. Ulitaka atazame nini, rangi ya mapazia? Mumeo anakwenda likizo na filimbi shingoni. Na ile Tobago aliyoikataa kwanza, akarudi akaisoma mpaka akajua mtu anaingilia wapi. Akakuletea na nyumba. Akaleta na miwani ya uso wako.

Sasa njoo kwako. Jiko ni dogo! Umepika kwa mama mkwe ukoo mzima ukala ukasaza, leo jiko la watu wawili limekushinda? Tobago hukuikataa kwa ajili ya jiko. Uliiona picha ya chumba kimoja na kitanda kimoja na hakuna jirani, ukaogopa, ukakamata kasoro iliyokuwa karibu. Mwenzio hakujua unaogopa nini. Alisikia kwamba nyumba aliyokutafutia hukuipenda, ndiyo maana anakwambia uamue wewe. Katika habari hii yote, mwanangu, aliyeiangusha safari ni wewe, na nakwambia kwa mapenzi.

Hofu yako naielewa sana, na sitaki uione aibu. Watu wengi hapa Doha wana ndoa ya kona ya mtaa na hawana mtu wa kumwambia. Mnajifunza kuagana kwa mkono mpaka mkono unazoea. Mnapeleka nyumbani kila kitu, na likizo yenyewe pia mnaipeleka, halafu watu wanauliza mbona hamna mtoto. Iliniuma kusoma lile la taulo. Iliniuma zaidi kwamba alilikunja vizuri. Mna haki ya kukaa mahali mkiwa mmelowa, mmechoka kwa raha, na taulo ni lenu.

Lakini sikubali ulie mbele ya mumeo kisha umwache aende kugombana na mwenye duka juu ya miwani isiyo na kosa. Alikushika shingo akasema yuko hapo. Ukamwacha aamini ni mvuke. Hapo, bibi, ulikosea, na hilo ndilo la kurekebisha kabla ya tiketi na kabla ya kisiwa.

Haya, kisiwa. Nendeni Tobago, tena katika nyumba ile ile kama bado ipo. Bonaire ni tamu kwa watu wa samaki, lakini wewe mwenyewe umeshaona habari ya viza, na anayeanza kujifunza anahitaji mchanga chini ya miguu, mawe yatakutia hofu zaidi. Barbados na Grenada hazina kosa, mtakwenda siku nyingine mkiwa mmeshakuwa wazoefu. Tobago iko kusini, vimbunga huipitia kwa nadra, na msimu wa vimbunga wenyewe huanza Juni, nyinyi mnakwenda baada ya Idi, kabla haujafika. Kaeni upande wa bahari tulivu, upande wa Atlantiki mwachieni mwenyewe. Halafu kuna mahali kule, boti inakupeleka mbali na ufuo, kumbe chini ni mchanga mweupe na maji yanakufika kiunoni. Unasimama katikati ya bahari kama unasimama sebuleni. Hapo ndipo Maurice akakuvalishe miwani. Usianzie penye matumbawe, anzia hapo, na ukichoka simama.

Mambo ya makaratasi msiulize kundi la WhatsApp. Ulizeni ubalozi wenyewe kuhusu viza ya kuingia kwa pasipoti yenu, na kabla hamjalipia ndege ulizeni nchi mtakayobadilishia ndege kama nayo inataka viza ya kupita, maana wengi hukwama hapo. Fomu ya Maurice iende wiki hii, mwisho wa mwezi ni wa watu wanaotaka kunyimwa.

Mama mkwe mwambieni kweli, kwa simu, nyote wawili mkiwa kwenye mstari: mwaka huu tunakwenda wawili, mwaka ujao tutakuja. Msiseme mmenyimwa likizo, uongo wa Doha hufika Kisii kabla ya ndege. Akinung'unika, mkumbushe kwa adabu kwamba yeye ndiye anayetaka mjukuu, na mjukuu hapatikani na shangazi wawili chumbani. Ataelewa upesi kuliko unavyofikiri.

Ijumaa hii, kabla simu haijawekwa mezani, mwambie miwani ya kwanza ilikuwa nzima. Usizunguke. Mwambie ulikuwa unalia, mwambie unaogopa kwamba hamjuani. Nadhani utakuta naye anaogopa lilo hilo, na kwamba mkondo ulikuwa rahisi zaidi kuutaja. Filimbi aiache Al Mansoura.

Kuhusu kukosa la kuzungumza, mtakosa, siku mbili tatu hivi. Watu wanaoishi pamoja hukosa la kusema kila siku na hawafi. Mtatazama bahari, mtaoga, mtagombana kidogo juu ya taa nani azime.

Kata tiketi ya kufika Jumatatu. Mkifika mtakuwa mmechoka, laleni. Asubuhi ukiamka usikimbilie jikoni, hata kama ni dogo. Mngoje afumbue macho, kisha umwulize chai yake ya Jumanne anaitaka kabla ya kuoga au baada.

Bi Latifa