Kidole Kimoja Kushoto

Ilagala,
4 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Mwakeye, na shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo hapo Simbo, na goti lako limekubali kushuka shambani. Mimi ni mzima wa afya, ila mafua tu. Naandika kwa sababu kukupigia simu ni kazi: masikio yako uliyaacha porini pamoja na risasi, nikikupigia ofisi nzima inajua mambo ya nyumbani kwetu. Leonardi dereva atakuletea barua hii pamoja na samaki, migebuka iliyokaushwa. Majibu mpe yeye huyohuyo.

Habari kubwa ni kwamba bunduki mpya imefika. Kampuni ileile iliyotengeneza ya kwako, jina lilelile, ila hili ni toleo jipya. Mkuu wa kituo chetu cha wanyamapori amenikabidhi zote mbili na kunipa mwezi mmoja: nizilinganishe, nimwandikie taarifa, halafu ile yako irudishwe ghalani. Imeshachoka, Baba. Majuzi risasi mbili kati ya tano zilikataa kulia.

Sasa sikiliza, na usinune. Ya kwako ukiivuta bolti, mkono unapanda mpaka juu. Hii mpya unainua nusu tu, unavuta, unarudisha, imekubali. Ya kwako tunaingiza risasi moja moja kwa kidole gumba. Hii ina kasha lake la risasi chini, unachomoa, unachomeka. Kitako cha kwako ni mti, masika kinavimba kwa unyevu wa ziwa. Hiki ni kama plastiki ngumu, hata ukizamishe Malagarasi. Mtutu ni mnene zaidi, na teke lake begani ni dogo. Juu ina darubini. Nimeangalia ng'ambo ya mto, nikaona mama mmoja anachambua dagaa, nikamwona mpaka hereni.

Na kazi ipo. Maji ya ziwa yamepanda mwaka huu, mamba wamesogea mpaka mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Kuna mmoja mkubwa ameshachukua watu wawili tangu Januari. Wa pili ni Mama Adolf, wale wa familia za kutoka Kongo, alikuwa anaosha sufuria. Wanawake hawashuki tena kuchota maji bila wanaume wenye mapanga, na wanaume wenyewe wanaogopa. Mimi ndiye mpigaji wa kituo. Nimemwahidi Mwenyekiti Mwinshehe kwamba Ramadhani haitaisha mamba huyo akiwa hai.

Mwanao,
Elida

*

Simbo,
8 Machi 2024

Mwanangu Elida,

Marahaba, mama. Sisi wazima, Mama yako anakusalimu na anauliza lini utapumzika. Goti limekubali, ila linanuna likiona jembe. Migebuka tumeila na ugali wa muhogo, nikalamba vidole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Eti imeshachoka! Bunduki ile nilikabidhiwa mwaka tisini na nne ikiwa bado ina mafuta ya kiwandani. Nimelala nayo Ugalla, nimevuka nayo Malagarasi imejaa, viboko kumi na saba, nyati sita, na mamba ambao sikuwahesabu. Darubini ya nini? Unataka kumpiga mamba au kumpima hereni? Mpigaji anayehitaji darubini huyo aende akatazame mwezi.

Hilo kasha la chini likianguka majini utafanya nini? Utamwomba mamba akuokotee? Risasi moja moja kwa kidole gumba inakufundisha heshima, unajua umebaki na ngapi bila kuchungulia. Hiyo bolti ya nusu nayo, ngoja mchanga wa Ilagala uingie ndipo tuzungumze.

Haya, wamekupa, itumie. Ila usisahau sheria ya ziwa niliyokufundisha ukiwa na miaka kumi na tano. Upepo wa ziwa hauonekani. Ukiwa ufukweni, lenga, kisha sogeza kidole kimoja kushoto. Kila mara. Hata maji yametulia. Mimi na wewe hatukosi kwa sababu hiyo. Unamkumbuka Martini wa Bangwe, tuliyekuwa naye kazini? Yeye hakuwa na sheria, alikosa kiboko mara tatu mbele ya watu, wakasema kalewa, kazi ikaisha. Usiwe Martini.

Mpige nyuma ya jicho. Hapo pana nafasi ya kiberiti tu, kwingine kote utamwudhi.

Baba yako,
Gervasi

*

Ilagala,
15 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nimemkosa.

Alikuwa ametoka kuota jua kwenye mchanga, saa mbili asubuhi, hatua themanini kutoka kwangu. Nililala juu ya gunia la mchanga, sikuwa na haraka, pumzi ilikuwa chini kabisa. Jicho lake nililiona kwenye darubini kama ninavyoiona karatasi hii. Nikasogeza kidole kimoja kushoto, nikafyatua. Maji yakaruka pembeni yake, kushoto kabisa. Nikavuta bolti, nikapiga ya pili, vilevile. Akaingia majini bila hata haraka, Baba, kama mtu aliyeitwa kula.

Nyuma yangu mwalo mzima ulikuwa umesimama. Mzee mmoja akasema, "Leteni mwanaume." Bibiana, mdogo wake Mama Adolf, alikaa chini palepale akaanza kulia, na hicho ndicho kilichoniuma.

Mimi mkono wangu naujua. Kwa ile yako nimepiga miaka saba na watu wananiheshimu. Kwa hiyo nimeamua: bunduki mpya inavuta kushoto. Nitaandika hivyo kwenye taarifa, irudishwe ilikotoka, na ile yako itengenezwe tubaki nayo. Umeshinda, mzee wangu, cheka unavyotaka. Fundi wa silaha anakuja wiki ijayo kuipima, atathibitisha.

Andika upesi, nahitaji maneno yako.

Mwanao,
Elida

*

Ilagala,
21 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Leonardi amenirudia mikono mitupu mara mbili. Nikamwuliza mzee anaumwa? Akasema hapana, alimkuta amekaa barazani na barua yangu mapajani, akamwambia pita siku nyingine. Mbona kimya? Mama hajambo?

Fundi amekuja. Kaiweka bunduki mpya kwenye mifuko ya mchanga pale ufukweni, kapiga tano kwenye ubao. Matundu matano unayafunika kwa kisoda kimoja, katikati kabisa. Kisha akanipa mimi. Yangu matano nayo yamekaa pamoja, yanafunikwa na kisoda hichohicho, ila pembeni, kushoto.

Akaniuliza, "Unalenga wapi?" Nikamweleza sheria ya ziwa. Akalamba kidole chake akakiinua juu. "Upepo uko wapi, dada?" Kweli, hata jani halikutikisika. Nikamwambia upepo wa ziwa hauonekani, baba yangu kalilenga ziwa hili miaka ishirini na minne, wewe umeshuka jana kwenye gari. Akacheka. Mkuu wa kituo hakucheka. Alisema kama bunduki ni nzima basi mpigaji ndiye mbovu. Tarehe ishirini na nane anakuja mpigaji kutoka Tabora. Mimi nitakaa mezani kuandika vibali.

Sikubali. Nimemwambia Mkuu nitamletea maandishi ya mtu anayejua. Nakuomba uniandikie karatasi, uweke jina na sahihi, ueleze sheria ya ziwa: upepo unatoka wapi, na kwa nini kidole kimoja, na kwa nini kushoto. Neno lako pale ofisini bado lina uzito. Nikiwa nalo mkononi sihami kwenye nafasi yangu, labda wanibebe.

Tafadhali usichelewe.

Mwanao,
Elida

*

Simbo,
24 Machi 2024

Mwanangu,

Mama yako mzima. Mimi pia. Siumwi.

Hakuna sheria ya ziwa.

Mwaka tisini na saba nilishuka kwenye boti pale Bangwe, mawe yana utelezi, nikaanguka na bunduki chini yangu. Mtutu ulipinda. Kwa macho huoni kitu, lakini kuanzia siku hiyo ikawa inapiga kulia. Kuangusha silaha ya serikali wakati ule ilikuwa kufukuzwa, na wewe ulikuwa na miaka mitano, dada zako wako shule. Sikumwambia mtu. Nikajifunza kusogeza kidole kimoja kushoto, na ikawa inalenga vizuri kuliko zamani. Watu wakaanza kuniuliza siri. Nikasema upepo wa ziwa. Nikasema mara nyingi hata nikapenda kusema. Wewe ulipoanza kujifunza nikakupa kama urithi.

Mtutu huo ndio uliopinda, mama. Mkono wako umenyooka. Bunduki mpya imenyooka. Lenga pale unapotaka risasi iende, basi.

Nilipopata barua yako kwamba nimeshinda, nilicheka kwanza. Nikasema si unaona, toleo jipya halifai. Kisha nikaukumbuka mtutu. Leonardi alipokuja nikamrudisha mikono mitupu.

Na Martini. Siku ile nilikuwa nimelazwa na malaria, kiboko kavunja mtumbwi wa watu, wakampa Martini bunduki yangu. Alilenga sawasawa, akakosa mara tatu. Kikao kilipokaa waliniita nikiwa bado natetemeka, wakaniuliza swali moja: bunduki ina kasoro? Nikasema ni nzima. Martini alikuwa ananitazama. Hakuwa amelewa, hajawahi hata kunywa, ni Msabato.

Karatasi uliyotaka nimeiambatanisha humu, mpe Mkuu wako. Nimeandika jina langu kamili na namba yangu ya kazi. Kama watagusa pensheni, waguse. Mimi sikukulea wewe mpaka hapo ili ukaandike vibali mezani kwa uongo wangu.

Baba yako,
Gervasi

*

Ilagala,
27 Machi 2024

Baba,

Barua imefika jana saa tano. Mkuu aliisoma karatasi yake akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Akaniambia, "Una asubuhi moja. Wa Tabora anafika keshokutwa."

Leo saa moja na nusu mamba alikuwa mchangani, mahali palepale, ana dharau huyo. Mwalo ulikuwa umejaa, safari hii nyuma ya mitumbwi. Nikalala. Nikaweka jicho lake katikati ya darubini, na kidole changu chenyewe, Baba, bila kuambiwa, kikaanza kusogea kushoto. Nikakirudisha. Kikasogea. Miaka kumi na saba si kitu cha kuvua kama shati. Nikavuta pumzi nikasema kwa sauti, "Mzee Gervasi, toka hapa." Nikafyatua nikiwa nimelenga sawasawa.

Hakutikisika hata mkia. Mwinshehe ndiye wa kwanza kwenda kumgusa, kwa mti mrefu, halafu mwalo mzima ukalipuka kwa vigelegele. Walipompasua walikuta kijibanio cha nywele cha Mama Adolf. Bibiana amekipokea. Jioni wanawake waliteremka na ndoo, wanasukumana na kucheka, nami nikakaa nao mpaka wa mwisho alipotoka majini.

Taarifa nimeandika. Mpya ni bora kwa kila kitu, na sababu nimezieleza moja moja, usinune. Kwenye ile ya zamani nimeandika: mtutu umepinda tangu 1997, aliyekuwa nayo amekiri. Mpigaji wa Tabora kapigiwa simu, asije.

Sasa mimi. Sijakusalimu na umeona. Nina hasira ya kukufanya usile wiki nzima. Ulinipa uongo nikautetea mbele ya watu kama dini. Lakini mimi umeniokoa, na ulifanya kwa siku tatu. Karatasi yako kwa Mkuu nimeisoma. Umetaja mtutu, umetaja mawe ya Bangwe, umenitaja mimi. Martini hukumtaja hata kwa herufi moja. Mimi nilikaa wiki mbili nikiitwa mbovu na nikawa silali. Yeye ameitwa hivyo miaka ishirini na mitano.

Yuko Bangwe, anashona nyavu, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Kutoka Simbo ni nauli ya asubuhi moja. Usiniandikie kabla hujaenda.

Elida

*

Simbo,
3 Aprili 2024

Mwanangu Elida,

Salamu nyingi. Nakupongeza kwa mamba, risasi moja, hata mimi nisingeweza. Mama yako kawatangazia wa sokoni wote.

Nilienda Jumatatu ya Pasaka. Nilivaa koti. Nilimkuta Martini uani na wavu umemzunguka, kazeeka, nywele zote nyeupe. Akanikaribisha vizuri, nikapewa kiti na chai, tukaulizana hali na watoto na mvua. Nilikunywa ile chai yote kwanza. Sikupata ujasiri mpaka kikombe kilipokwisha.

Kisha nikasema. Nilisema kila kitu: mawe, mtutu, kikao, swali, na jibu langu. Nikasema hukulewa na hukukosa, mimi ndiye niliyekukosesha.

Hakunyanyua macho. Aliendelea kushona kama matundu manne, matano. Nikafikiri labda naye masikio yameisha kama yangu. Halafu akaweka sindano chini akaita, "Agnesi!" Mkewe akatoka jikoni anajifuta mikono. Martini akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Mama wa watu akajishika mdomo.

Akamtuma mtu kuwaita watoto wake, ni watu wazima sasa, wawili wanafanya kazi bandarini. Tuliwasubiri karibu saa nzima, chai hakuna tena. Walipofika akawapanga kwenye benchi, mkubwa mpaka mdogo. Gideon, yule wa mwisho, alizaliwa mwaka ule wa kiboko, amekua anaitwa mtoto wa mlevi. Martini akasema, "Rudia."

Nikarudia. Sauti ilikatika katikati, nikaanza upya.

Nilidhani tumemaliza. Akasimama, akajikung'uta nyuzi za wavu, akavaa viatu vyake vya kanisani, akanishika mkono kama tulivyoshikana tukiwa vijana porini. Akafungua mlango wa mbele, barabarani, kwa majirani. Akaniambia, "Rudia, Gervasi."

Nikarudia.

Baba yako,
Gervasi