Usikilainishe Kikombe Changu

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Ngokolo bibi yako anatembea tena, na mtamba wako amezaa dume.

Unauliza kwa nini nilikufokea kwenye simu. Na nitakufokea tena! Uliomba kikombe cha shaba ukanywee kahawa huko Dodoma, si ukipeleke kwa fundi akakilainishe ukingo.

Ukingo ule niliuharibu mimi. Ujanani nilifanya kazi kwa Mama Rekha, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kila asubuhi alinimiminia kahawa kwenye kikombe cha shaba sawa na chake. Mimi mpumbavu nikakiiba, nikakipiga tupa, ungaunga wake nikaupeleka machimboni Mwakitolyo niuuze kama dhahabu. Mnunuzi akaudondoshea tindikali, ukatoa povu la kijani, ambalo dhahabu haitoi. Walinicheka!

Nilikirudisha kabatini kimyakimya. Kesho yake Mama Rekha alikijaza kahawa kikombe kilekile, akaugeuzia kwangu ukingo uliolika. "Kunywa, baba, inapoa." Hakusema lingine, hata siku alipohama akaniachia kikombe hicho.

Kirudishe kama kilivyo! Nataka kiendelee kunikwaruza mdomo huu, ambao haukuwahi kumwomba yule mama msamaha.

Babu yako